Sabkarbidi: kaboni kidogo ikikosekana, nani analipa?

Wandugu, wale waliopita politekniki mnakumbuka ile sura ya metalurjia ambayo asistanti alikuwaka anaipitisha mbio mbio juu haitokake kwenye egzame. Kwetu ilikuwa sura ya karbidi. Tulipata kurasa mbili, mchoro mmoja wa mistari, na neno moja ambalo hakuna mtu aliuliza maana yake: sabkarbidi. Miaka sita baadaye neno hilo lilinikuta Kolwezi, juu ya meza ya atelie, pamoja na meno saba yaliyovunjika na papa mmoja aliyekuwa anakatwa mshahara juu yao.

Papa huyo ni mtu wa mashini ya kutobolea. Anatoboa mashimo kwenye mwamba, watu wa baruti wanayajaza, wanalipua. Mbele ya bomba la mashini kuna kichwa cha chuma kinachoenea mkononi, na usoni pa kichwa kumepandwa meno ya mviringo, yamepangwa kama vifungo vya shati. Sisi tunayaita butoni. Yale meno njo yanakutana na jiwe. Kwenye mwamba laini kichwa kinakaa siku mingi. Kwenye ule mwamba mgumu wa silika wenye matundu, ambao wanajiolojia wa Katanga wanauita RSC, meno yanakwisha haraka, lakini yanakwisha kwa kusagika, polepole, hadi yanakuwa bapa. Mwezi ule hayakusagika. Yalikatika. Jino moja linatoka nusu, kipande kinabaki ndani ya shimo, kinagonga meno mengine, na posti haijaisha kichwa kizima kimekufa.

Vichwa vinne kwa wiki tatu. Biro ilisema anasukuma mashini kupita kiasi, ao anaacha hewa ya kutoa vumbi iwe kidogo, na kichwa kinapata moto. Kila kichwa kikamtolea sehemu ya mshahara. Aliponiletea meno hayo, ameyafunga ndani ya karatasi ya mkate, hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwana yangu, miaka kumi na nane niko ku ile kazi. Miye najua namna mashini inalia kama nimekosea. Haikulia.»

Mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa na kumbukumbu ya kurasa mbili.

Tuanze na neno lenyewe. Karbidi ni muungano wa kaboni na elementi nyingine, mara mingi metali. Kwa Kifaransa tulichosomea wanasema carbure, na vijana wa karyeri wanasema karbire. Mimi naandika karbidi ili ifanane na oksidi, kloridi na salfidi, ambazo vitabu vya Kiswahili tayari viko nazo. Kile kipande cha mbele, «sab», ni cha Kilatini, maana yake chini. Basi sabkarbidi ni karbidi iliyo chini ya kiwango: metali ni ileile, kaboni ni ileile, lakini kaboni ni chache kuliko katika karbidi ya kawaida ya metali hiyo. Kwa Kiswahili changu ningesema karbidi pungufu. Kama mtu ako na neno bora, alilete.

Ni neno adimu. Waandishi mingi wa metalurjia wanapendelea kuandika fomula tu na kuendelea mbele. Na majina ya ukoo huu yana historia ya kupotosha. Mwaka 1787, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walipotoa mpango wao mpya wa kutaja vitu vya kemia, «karbidi ya chuma» kwao ilikuwa ile grafiti ya penseli, juu waliamini kuna chuma ndani yake. Jina lilikuwa limetengenezwa vizuri kabisa, kitu chenyewe kilikuwa kingine.

Hata «pungufu» inaweza kutupotosha. Chai ukiitia sukari kidogo, ni chai ileile, imekosa utamu tu. Mtu anafikiri sabkarbidi ni hivyo: karbidi ileile, imekosa nguvu kidogo. Hapana. Kaboni ikipungua kupita fasi fulani, atomi zinajipanga upya kabisa, na unapata kitu kingine chenye tabia yake, ugumu wake na namna yake ya kuvunjika. Hapo njo nilikosea nilipokuwa mwanafunzi, na hapo njo biro ilikosea pia.

Chukua tungsteni, ile metali ambayo kule Kivu inatoka ndani ya jiwe zito jeusi linaloitwa wolframiti. Na tukumbuke bei ya silabusi. Mwaka ambao pesa iko, kila mwanafunzi ananunua silabusi yake: mtu mmoja, kitabu kimoja. Hiyo ni karbidi ya tungsteni ya kawaida, WC: kila atomi ya tungsteni na atomi yake ya kaboni. Mwaka ambao pesa haiko, wawili wanajiunga juu ya silabusi moja. Hiyo ni W₂C, sabkarbidi ya tungsteni. Na wanafunzi wawili wenye kitabu kimoja hawakai tena namna walivyokuwa wanakaa. Wanabadilisha meza, wanasogeleana, darasa zima linabadilika sura.

Piga hesabu mwenyewe. Tungsteni ina uzito wa atomi 183,84, kaboni 12,01. Ndani ya WC, kaboni ni asilimia 6,13 ya uzito. Ndani ya W₂C ni asilimia 3,16. Tofauti ni gramu tatu hivi kwa mia. Kwa macho, poda hizo mbili ni kijivu na kijivu.

Metali zote hazifanani katika jambo hili. Karbidi ya titani inavumilia sana: inaweza kupoteza karibu nusu ya kaboni yake, nafasi zikabaki wazi, na mpangilio wa atomi ukabaki uleule. WC haivumilii. Ni 6,13 ao karibu sana na hapo. Ukishuka, inazaliwa W₂C kandokando yake. Na W₂C yenyewe ni mtoto wa moto mkali: chini ya digrii 1250 hivi haina haki ya kuwepo, inapaswa kugawanyika kuwa tungsteni na WC. Lakini ukiipoza haraka haipati muda wa kugawanyika, inabaki hivyo hivyo hata mezani kwako.

Watu walikutana na hiyo pungufu mapema sana. Katika miaka ya 1890 Henri Moissan, Mfaransa aliyepewa Nobel ya kemia mwaka 1906, alikuwa anachoma kila kitu na kaboni ndani ya tanuru yake ya umeme, na W₂C ilikuwa kati ya vitu alivyotoa humo. Ngumu kabisa, na ya kuvunjika kabisa. Baadaye viwanda vya taa vya Ujerumani vilitafuta kitu cha kuvutia waya mwembamba wa tungsteni, juu vibao vya almasi vilikuwa bei kali. Wakajaribu karbidi iliyoyeyushwa na kumiminwa. Ilipasuka. Kitu kigumu peke yake hakitoshi. Kikigongwa, lazima kiwe na kitu cha kukishika.

Jibu lilipatikana mwaka 1923, kwa Karl Schröter na wenzake waliokuwa wanafanya kazi kwa Osram, Berlin: acha kuyeyusha, chukua poda ya WC, changanya na metali kidogo ya kundi la chuma, shindilia, halafu choma hadi ile metali tu iyeyuke na kushika punje pamoja. Metali iliyofaa kuliko zote ni kobalti. Krupp ilinunua haki hiyo na kuanza kuuza mwaka 1927 hivi kwa jina Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayomaanisha «kama almasi». Hata leo mtu akitaka kutoboa ukuta wa beton anaomba meshi ya widia, bila kujua anataja alama ya biashara ya karibu miaka mia.

Sasa tumefika nyumbani. Sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Miaka hii ya karibuni ni kama robo tatu. Nyingi inaenda kwenye betri. Lakini sehemu moja inakuwa saruji ya meno kama yale ya papa wetu. Jino la kutobolea mwamba mara mingi liko na kobalti gramu sita hivi kwa mia. Zingine zote ni punje za WC. Fikiria beton: WC ni changarawe, kobalti ni saruji. Changarawe inakula jiwe, saruji inazuia changarawe kuachana wakati wa kugongwa maelfu ya mara kwa dakika.

Na hapa kaboni ikipungua mambo yanakuwa mabaya kuliko W₂C. Ndani ya jino lenye kobalti, ile tungsteni iliyokosa kaboni haikai kimya. Inaenda kuungana na kobalti na kaboni kidogo iliyobaki, na kuunda sabkarbidi ya pande tatu, ambayo metalurjia inaiita fezi eta, kwa herufi ya Kigiriki η. Fomula yake moja ni Co₃W₃C. Nyingine, yenye kaboni ndogo zaidi, ni Co₆W₆C. Angalia vizuri fomula hiyo ya kwanza: kila atomi ya tungsteni imevuta atomi moja ya kobalti. Changarawe imekunywa saruji.

Kiasi gani? Nilifanya hesabu hii usiku ule kwa kalamu, na nilirudia mara tatu juu sikuamini. Ukiandika mlinganyo, WC tatu na kobalti tatu zinatoa Co₃W₃C moja na kaboni mbili zinazotoka. Basi kila kaboni mbili zinazokosekana zinameza kobalti tatu. Kwa uzito: gramu 24 za kaboni, gramu 177 za kobalti. Ni kusema gramu moja ya kaboni ikikosekana, gramu zaidi ya saba za kobalti zinakwisha kazi yake ya kushika, na gramu thelathini za eta zinazaliwa. Rudi sasa kwenye jino: kwa gramu mia za jino, ikikosekana kaboni gramu 0,3 tu kupita kiwango kinachovumiliwa, gramu 2,2 za kobalti kati ya sita zimemezwa, zaidi ya thuluthi, na jino limejaa gramu tisa hivi za kitu kinachopasuka kama sahani. Mizani ya soko ya nyanya haiwezi kukuonyesha hiyo 0,3.

Ndiyo maana wanaotengeneza meno haya wanazungumza juu ya dirisha la kaboni. Kaboni ikizidi, inatoka grafiti, vidoti vyeusi laini ndani ya jino. Ikipungua, inatoka eta. Katikati kuna dirisha ambamo ni WC na kobalti tu, na upana wake ni kama moja ao mbili ya kumi ya asilimia moja. Mtu anatengeneza tani za meno, na anapaswa kupita kila siku ndani ya dirisha hilo.

Kaboni inakimbia namna gani? Mwizi mkubwa ni oksijeni. Poda ya WC iliyosagwa laini sana ina uso mkubwa, inakamata hewa na unyevu. Ukiiweka magazini muda mrefu, ao ukiikausha vibaya, inaingia tanuruni na oksijeni yake. Kule ndani, inapopanda kwenda digrii 1400, oksijeni inachukua kaboni na kutoka nayo kama monoksidi ya kaboni. Gramu 16 za oksijeni zinaondoka na gramu 12 za kaboni. Kwa hiyo mtengenezaji mwangalifu anapima oksijeni ya poda, halafu anaongeza masizi safi ya kaboni kidogo ili kulipa deni hilo mapema. Mtengenezaji mwenye haraka anaruka hatua hiyo. Jino linatoka tanuruni liking'aa, vipimo vya urefu na upana ni sawa, hata ugumu wake unaweza kuwa juu kidogo kuliko kawaida, juu eta ni ngumu. Karatasi ya mauzo itaonyesha namba ya ugumu, na mnunuzi atafurahi.

Niliporudisha akili fasi moja, nilijua natafuta nini. Bado kuthibitisha. Kwanza nilijaribu na sumaku ya spika ya zamani, juu nilikumbuka kobalti inavutwa na sumaku na eta haivutwi. Wazo ni zuri. Viwanda vinapima hivyo kila siku, kwa chombo chenye namba, na namba ikishuka sana chini ya ile ya kobalti safi wanajua kaboni imepungua. Lakini mkono wangu si chombo. Jino zima na jino lililovunjika, yote yaliganda kwenye sumaku, sikusikia tofauti.

Basi nilipanda gari kwenda Lubumbashi na meno mawili: moja lililokatika, na moja la kichwa cha mwaka uliopita ambalo lilikufa kifo kizuri, la kusagika. Rafiki niliyesoma naye alikuwa anafanya memwari yake ndani ya labo, akanipa fasi. Tulikata meno kwa kisahani cha almasi, tukayang'arisha kwa poda ya almasi hadi ukaweza kujiona sura. Kazi hiyo ya kung'arisha njo inachosha, siku moja na nusu. Kinachofuata ni cha sekunde.

Kuna dawa inaitwa kwa jina la Murakami. Unatengeneza maji mawili: moja la potasi kali, asilimia kumi, na lingine la ferisianidi ya potasiamu, asilimia kumi pia. Unayachanganya sawasawa wakati wa kutumia tu. (Wadogo zangu wa labo: glavu, miwani, na hiyo ferisianidi isikutane kabisa na asidi, hata kwenye sinki, juu inaweza kutoa gesi ya sumu inayoua.) Dawa hiyo inashambulia eta mbio, ndani ya sekunde chache, na kuipaka rangi ya machungwa inayokwenda kwenye kahawia. WC inangoja dakika kadhaa kabla haijaonyesha mipaka yake. Kwa hiyo unahesabu pole pole hadi tano, unaosha, unaweka chini ya hadubini.

Jino la zamani lilibaki kijivu. Jino lililokatika lilikuwa na mabaka ya kahawia, makundi makundi, kama majani ya matembele yaliyotupwa juu ya saruji, pembeni na hata katikati kabisa. Kwenye ukingo wa mpasuko tuliona ufa ukipita ndani ya mabaka hayo, kutoka moja kwenda jingine. Tuliangaliana, rafiki yangu akacheka, mimi sikucheka, nilikuwa namfikiria papa.

Biro iliuliza swali, na nakubali lilikuwa swali la akili: je, moto wa kutoboa vibaya hauwezi kuzaa hiyo eta yenu? Jibu ni hapana, na sababu iko kwenye zile picha. Kwa eta kuzaliwa, kaboni lazima itoke, na kutoka katikati ya jino gumu inahitaji moto wa tanuru, zaidi ya digrii elfu, kwa muda. Jino linalotoboa linapata moto kwenye ngozi yake. Ngozi inapasuka mistari midogo midogo kama tope lililokauka, alama tunazozijua. Hazikuwepo. Na kama katikati ingefika digrii elfu, chuma cha kichwa kinachoshika jino kingelegea kwanza. Ugonjwa ulizaliwa na jino.

Nisije nikaonekana nasema sabkarbidi zote ni adui. Mchanganyiko wa W₂C na WC uliomiminwa, wenye kaboni asilimia nne hivi, ni punje ngumu ajabu. Watu wanazichomelea juu ya vyuma vinavyokwaruzana na mchanga, na huko zinafanya kazi nzuri juu hazigongwi, zinasuguliwa. Molibdeni, ambayo sabkarbidi yake ni Mo₂C, inachunguzwa sana kama kichocheo cha kutengeneza hidrojeni fasi ya platini. Tantali ya koltani ya Kivu nayo ina Ta₂C yake.

Lakini kisa kinachonifurahisha ni cha Sweden. Katika miaka ya 1980, watu wa Sandvik walichukua adui huyo huyo, eta, wakamweka kazini ndani ya meno ya kutobolea mwamba. Walitengeneza jino lenye kaboni pungufu makusudi, likajaa eta kote. Halafu wakalirudisha tanuruni ndani ya hewa yenye kaboni. Kaboni ikaingia kutoka nje, ikala eta ya ngozi, na kobalti ikasukumwa kwenda ndani. Matokeo: ngozi yenye kobalti chache, ngumu ya kusagika polepole, chini yake tabaka lenye kobalti mingi, linaloshika, na moyo bado una eta, umefungwa humo ndani fasi ambayo hagongwi mtu. Tabaka hizo zinavutana wakati wa kupoa, na ngozi inabaki imebanwa, ufa unapata shida kuanza. Eta ileile. Tofauti ni nani ameiweka, wapi, na kama anajua iko.

Mwenye kutuuzia meno yetu hakujua, ao alijua. Siwezi kusema, na jina lake halina kazi hapa. Nilichoandika ni ripoti ya kurasa mbili, na picha nne, na ile hesabu ya kobalti, kwa Kifaransa kwa ajili ya biro. Papa aliniomba nimwelezee kwa Kiswahili kilichoandikwa, juu atasimama mbele ya watu na hataki kusimama na karatasi asiyoielewa. Njo hapo andiko hili lilipoanzia. Tulikaa kwenye kivuli cha atelie, nikamwambia habari ya changarawe na saruji. Alinikata: «Ni kusema walipika bukari na unga hautoshi, halafu banasema miye njo nilikorokota mubaya.» Nilimwambia karibu, lakini si unga uliokosekana, ni kitu kidogo zaidi, kama kosa la chumvi ambalo limekula unga. Hakupenda mfano wangu, akabaki na wake.

Mkutano ulikaa robo saa. Mkuu wa atelie alisoma ukurasa wa kwanza, akaangalia picha, akauliza ile rangi ya kahawia ni kutu? Nilieleza. Vichwa kumi na kimoja vya kundi lile vilivyobaki magazini vilitolewa, na muuzaji alibadilisha sita bila kukubali chochote kwa maandishi. Tuliomba pia kila kundi jipya lije na karatasi ya kipimo cha sumaku, siyo ugumu peke yake. Kundi lililofuata lilikuja na karatasi hiyo. La baada yake halikuja nayo, na nimeandika tena.

Tangu pale nimekata meno mengine tisa ya makundi mbalimbali. Mawili yalionyesha kahawia kidogo sana pembeni, saba yalikuwa safi. Wanafunzi wa metalurjia mlioko Lubumbashi na Likasi: hii ni kazi ya memwari iliyo tayari. Meno yaliyokufa yanatupwa kila wiki kwenye rundo la vyuma, hayagharimu kitu. Kinachogharimu ni kisahani cha almasi na uvumilivu wa kung'arisha.

Kuhusu mshahara: makato ya mwezi wa kwanza yalirudishwa. Ya mwezi wa pili, biro inasema faili bado inatembea. Papa amechukua lile jino tulilong'arisha, lenye mabaka, anatembea nalo ndani ya mfuko wa koti ya kazi. Kila mwisho wa mwezi anaingia kwa mhasibu, analiweka juu ya meza, anavuta kiti, anakaa.